Mablanketi ya Bibi Harusi

Machi 6

Mvua zimeanza jana, na leo mama mkwe kaingia na sanduku lake, mwavuli uliovunjika mbavu, na tundu lenye simbilisi wawili, wale wanyama kama panya wanene wasio na mkia. Nilidhani kaleta kitoweo. Nikauliza nichemshe maji lini. Alinitazama kana kwamba nimependekeza tumchinje yeye.

Mweupe anaitwa Bibi Harusi. Wa kahawia anaitwa Katibu kwa sababu, anasema mama, hukaa pembeni kimya akisikiliza watu kama anayeandika muhtasari wa kikao.

Paa la nyumba ya mama limeoza. Wifi yangu, dada wa mume wangu, kasema kwake hakuna nafasi, na kwake ni vyumba vinne anavyoishi na televisheni. Mume wangu hakusita. "Mama ni mama," akasema mbele ya wote, "atakaa kwangu." Nilimpenda sana wakati ule. Tulipobaki chumbani akaongeza: "Ila hao panya wakianza kunuka tu, wanatoka." Kuta zetu ni nyembamba. Mama akajibu kutoka sebuleni: "Wakitoka wao, natoka na mimi." Atatoka aende wapi, hakuna aliyesema. Kwa hiyo sasa mimi ndiye wa kuhakikisha nyumba hainuki.

Machi 7

Wanakula. Wanakunya. Wanakunya huku wanakula. Sijawahi kuona.

Machi 9

Nimenawa mikono mara tatu na bado nainusa.

Hawa hawalalii maranda ya mbao kama wanyama wenzao. Wanalalia mablanketi, yale mepesi yenye manyoya mafupi ya kufunikia watoto wachanga. Mama kayakata vipande vya ukubwa wa tundu na kuyapinda kingo kwa mkono, kwa mshono ulionichoma macho. Mimi ni fundi cherehani, mshono mbaya siwezi kuuona nikanyamaza. Kila siku ya pili vinatolewa vipande, vinaingia vingine. Vinavyotolewa ni vyangu.

Unakibeba kipande nje kwa ncha za vidole. Unakikung'uta, mavi yanaruka, mengine yanakatalia. Unakisugua kwa brashi ngumu kutoa manyoya na nyasi, ukiwa umefunga mdomo, maana manyoya yana tabia ya kuutafuta mdomo. Kisha unaloweka, na hapo ndipo harufu inapoamka. Mkojo mkavu ni mpole. Ukiguswa na maji ya moto unakumbuka ulikotoka.

Mchana mteja kaja kuchukua gauni lake, kavuta unywele mweupe kwenye kola. "Fundi, umeanza kufuga?" Nikamwambia ni uzi. Nimekuwa mwongo kwa sababu ya panya.

Machi 12

Bibi Harusi anajikuna. Tumekwenda naye sote watatu kwa daktari wa mifugo, mume wangu kashika mwavuli. Daktari kamgeuza tumbo juu, kampuliza manyoya, katuonyesha wekundu. Hana viroboto wala utitiri, ni ngozi yake tu nyepesi. Mablanketi yake yafuliwe kwa maji ya moto na sabuni isiyo na harufu, tena kidogo. Yasuuzwe mpaka maji yawe ya kunyweka. Maji ya mwisho yatiwe siki kidogo. Yakauke kabisa.

"Na marufuku dawa ya kulainisha nguo, marashi, au dawa ya kuua vijidudu," akasema. "Inaganda kwenye kitambaa, na ikimgusa huyu inamchoma."

Mama aliitikia kila neno huku akinitazama mimi. Mimi nina mba mwaka wa pili huu, hakuna aliyewahi kunisuuzia chochote.

Machi 13

Mvua.

Machi 14

Mvua. Hakuna kinachokauka. Koridoni kumetundikwa mablanketi kila mahali, tunapita tumeinama kama wezi.

Machi 17

Mashine ya kufulia imekufa. Fundi kafungua chujio, kavuta kitu kirefu cha kijivu kilicholowa, kakiweka sakafuni, sote tukarudi nyuma. Akauliza kwa heshima kama tulimfua mbwa.

Kuanzia leo ni beseni na mikono. Nimejikaza kisabuni, na sabuni yenyewe haina hata harufu ya kunifariji. Yasipokauka nayapiga pasi, kwa moto mdogo na kitambaa juu yake, maana pasi ikiyagusa yenyewe yanayeyuka. Mvuke unaotoka pale unaniingia kooni. Mwanamke mzima napiga pasi godoro la panya.

Machi 20

Mume wangu leo kaamka kabla yangu, kaanua mablanketi koridoni, kayakunja, kayapanga kabatini. Sikumwomba. Nilisimama na mswaki mdomoni nikimtazama, nikajiona nimeolewa. Nilimwambia mama, "Leo mwanao kakunja mablanketi." Nilitegemea afurahi. Alisema "Mm," akaendelea kumchambulia Katibu nyasi.

Machi 21

Kakunja tena!

Machi 24

Wenzake mume wangu wa ofisini wamekuja kumsalimia mama. Wamekaa, wamekunywa chai, wamemsifu mume wangu mpaka akaona haya. Siku hizi hakuna watoto kama huyu. Mama ana bahati. Nami nilikuwa napitisha vikombe kwa vidole vilivyopasuka, na mgeni mmoja akavitazama, akachukua kikombe chake kwa upande wa pili.

Leo nimefua mablanketi manane. Wanyama wawili hawatimizi kilo mbili kwa pamoja, wanakojoa kama ng'ombe. Na chumba cha mama bado kinanuka. Naosha tundu, nafua, nafungua madirisha, mvua inaingia, harufu haitoki.

Machi 29

Bibi Harusi kanyonyoka ubavu mzima. Ngozi iliyobaki ni nyekundu, ina ukurutu, na jana alijikuna mpaka pakatoa maji. Nilikuwa sijawahi kumgusa kwa hiari. Leo nilimshika huku mama akimpaka dawa, nikahisi moyo wake unavyokimbia chini ya kidole gumba. Nilisikia kichefuchefu na huruma kwa wakati mmoja, na sijui kipi kilitangulia.

"Unasuuza?" mama akaniuliza.

"Nasuuza, mama."

"Unasuuza kweli?"

"Mama, nasuuza mpaka mikono inakufa ganzi."

"Basi ngozi ya mtoto inaungua na nini?" Alisema kwa sauti ya juu, kana kwamba mimi niko ng'ambo ya barabara. Mume wangu alikuwa sebuleni.

Aprili 2, Jumapili

Nina hasira na kalamu inatoboa karatasi.

Wifi kaja baada ya chakula cha mchana. Hakuja kwa bahati mbaya. Mama kamwita kwa simu, na kamwita ili nihukumiwe. Tukaketi sebuleni wanne, tundu katikati kama mlalamikaji. Bibi Harusi amejikunja, hajala toka jana. Katibu kamlalia ubavu mzima.

Mama akaanza. "Mimi sina ugomvi na mtu. Ila katika nyumba hii kuna mtu anaweka kitu kwenye mablanketi ya wanyama wangu. Anajua daktari alisema nini. Ajitokeze aseme."

Wifi akanigeukia moja kwa moja, hata shingo haikutafuta mtu mwingine. "Wifi, unafulia nini?"

"Sabuni ya mche, ile nyeupe isiyo na harufu. Iko pale bafuni, kaitazame."

"Hutii dawa ya harufu nzuri? Sema tu, wifi. Hata mimi ningetia. Nyumba inanuka hii."

"Sitii."

"Lete mikono."

Nilidhani nimesikia vibaya. Aliinuka, akanishika viganja, akavinusa. Mtu mzima mwenzangu, katika sebule yangu, chini ya mapazia niliyoyashona kwa mikono hiyohiyo. Pua yake ilinigusa kiganja, ilikuwa ya baridi. Nilimtazama mume wangu. Niliamini atasema, "Dada, mwache mke wangu." Mume wangu alikuwa anatazama simu. Kidole kinapanda, kidole kinashuka. Mama naye alikuwa anamtazama yeye, si mimi, na macho yake yamejaa maji. Nilidhani analilia panya wake.

"Wanawake msigombane," mume wangu akasema mwishoni. "Labda ni hali ya hewa tu."

Wifi akataka nifue mbele yake. Nikafua. Alisimama na mkoba begani, kafunika pua kwa kitambaa, akanihesabia maji ya kusuuza. Nilipomaliza akasema, "Sasa mbona unaweza?" Nilitaka kummwagia beseni. Naandika hivi na bado nataka.

Aprili 3

Nimefua.

Aprili 6

Umeme ulikatika, cherehani ikasimama, nikatoka kwenda kwa jirani kuazima ile ya kukanyaga kwa mguu. Mvua ikanirudisha nikiwa sijafika hata kona. Nikaingia kwa mlango wa nyuma, viatu mkononi.

Mume wangu alikuwa koridoni kajiandaa kwenda kazini, tai shingoni. Kashika kile kichupa anachonyunyizia mashati yake, chenye harufu ya maua ambayo hayajawahi kuota popote. Alikuwa ananyunyiza mablanketi. Anafungua kunjo, ananyunyiza ndani, anafunga. Moja baada ya jingine, bila haraka, kama mtu anayemwagilia bustani yake. Kabla ya kila blanketi anavuta pumzi, anaizuia, anageuza uso pembeni.

Ndiyo kukunja kwenyewe huko. Ndiyo ule upendo nilioutazama na mswaki mdomoni.

Aliponiona hakushtuka sana. "Harufu tu, mke wangu. Nanyunyiza kidogo."

"Tangu lini?"

"Wiki chache. Nyumba inanuka. Wenzangu wanakuja hapa. Ningefanyaje?"

"Ulikuwepo kwa daktari. Ulishika mwavuli."

"Daktari naye anatia chumvi."

"Jumapili nimenuswa mikono, wewe umekaa."

Hapo akatazama chini. Akasema polepole, kwa ile sauti anayotumia akitaka nimwongezee chai, "Ningesema mbele ya mama, ingemuumiza. Wewe angekusamehe tu, mnaishi pamoja kutwa. Tufunike kombe mwanaharamu apite."

Nimegusa mengi mwezi huu. Nimegusa mavi, usaha, manyoya yaliyogandamana na mkojo, ile kamba ya kijivu ya kwenye mashine. Hakuna hata kimoja kilichonifanya nitake kurudi nyuma kama uso wa mume wangu ulivyonifanya leo, umenyolewa vizuri, unanukia. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo hii nimeivaa miaka kumi na sita.

Nilichukua mablanketi yote kabatini, masafi kwa machafu, nikayaloweka upya. Kabati nikalifunga kwa ufunguo, ufunguo nikauning'iniza shingoni.

Aprili 7

Nimeyasuuza mpaka povu la marashi likaisha. Lilichukua muda kuliko mkojo.

Aprili 9

Mume wangu kaniletea maua ya kweli. Nimemrushia Katibu, kayala yote.

Aprili 14

Bibi Harusi anakula. Kwenye ubavu kumeota vijinywele, ukipitisha kidole vinakwaruza kama kidevu cha mwanamume. Nampitishia kidole kila asubuhi, sijui kwa nini. Mama anamshukuru Mungu kwa sauti. Mimi sijashukuriwa wala kuombwa radhi. Sijamwambia kitu, maana sijaamua bado nani nimchukie zaidi.

Chumba chake bado kinanuka.

Aprili 19

Leo asubuhi nilikuwa nasugua kwa brashi kama kawaida, nikafika kwenye blanketi la rangi ya kijivu. Nikasugua, hakuna manyoya. Nikaligeuza, hakuna hata unywele mmoja, hakuna ujani wa nyasi, hakuna kipande cha mavi. Lakini lilikuwa limelowa katikati, duara kubwa. Mkojo wa simbilisi ukikauka huacha unga mweupe kama chokaa, nimeukwangua mwezi mzima, naujua. Hapa hapakuwa na unga. Nililisogeza puani, mimi niliyekuwa nakimbiza pua, na nikajua ni mkojo wa mtu.

Nilitapika pale pale kwenye mfereji, sitajitia utakatifu hapa. Kisha nikakaa kwenye ngazi na mvua inanipiga miguuni, nikahesabu nyuma. Yale mablanketi manane. Ng'ombe wawili wasiofika kilo mbili.

Nikaingia chumbani kwa mama, blanketi mkononi. Alikuwa kitandani kamlaza Bibi Harusi kifuani. Aliliona, akafumba macho.

"Tangu lini, mama?"

"Kabla ya mvua." "Nililitia katikati ya yale mengine. Nikasema, harufu ni harufu, nani atajua."

Nikamwambia na mimi langu, kuhusu kichupa. Nilitaka limchome, nakiri. Hakuchomeka.

"Nilijua, mwanangu. Siku ya kwanza nilinusa. Shati lake lilikuwa linanukia hivyohivyo."

"Ulijua! Na ukaniitia wifi anuse mikono yangu?"

"Nilidhani akikuona unaumbuliwa ataona aibu, atakiri kuwa ni yeye. Nilimsubiri. Uliona nilivyomtazama?" Akajifuta pua kwa kiganja. "Usiku nilikuwa namtoa Bibi Harusi namlaza kwenye nguo zangu za zamani. Lakini hazikutosha. Nazo nilikuwa nazihitaji mwenyewe."

"Ungemwambia mwanao uso kwa uso."

"Yule?" Alicheka kidogo, kicheko kibaya. "Baba yake alipougua, yule alikuwa anamsalimia kutoka mlangoni. Kashika nguzo, kageuza uso pembeni. Siku ya mwisho pia. Sasa nimwambie nini, kwamba panya hawanuki, anayenuka ni mimi? Mnyama huyu kaunguzwa kwa ajili yangu. Leo kichupa, kesho angeniambia paa langu limepona." Akanitazama hatimaye. "Na wewe nilijua utakasirika, utavimba, halafu utafua. Ndiyo maana nilikuchagua wewe. Nilikosea. Nisamehe."

Sikumsamehe. Nilimwambia hivyo, kwamba sijamsamehe bado na nikiwa tayari nitamjulisha. Alisema ni haki. Kisha nikamwambia ainuke, nikatoa mashuka kitandani, godoro nikaliegemeza dirishani. Lilikuwa na hali ambayo siiandiki. Nilifanya kazi nimekunja uso, na yeye alinitazama nimekunja uso, na hatukudanganyana.

Aprili 20

Nimemkatia mama vitambaa vya ukubwa wake, vizito, tabaka tatu, kingo nimezipinda kwa cherehani. Mshono ule wa mkono ulinichosha. Tumekubaliana vinakwenda kwenye beseni moja na vya Bibi Harusi, na mbele ya watu vyote ni vya Bibi Harusi.

Aprili 26

Jua! Nimeanika kila kitu.

Aprili 28

Mume wangu kaja na habari njema. Fundi kaezeka paa la mama, nyumba kavu, mama anaweza kurudi Jumapili na panya wake. Kasema mezani huku akijipakulia. Mama akaweka kijiko chini. Akaanza kufuta meza mbele yake kwa kiganja, mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Nilimfuata mume wangu chumbani, nikafunga mlango, na nikasema kwa sauti ndogo kwa sababu ya zile kuta.

"Mama haendi popote."

"Mke wangu, si wewe uliyekuwa unalia na kufua?"

"Ndiyo. Sasa tunalia wawili. Jumamosi ni zamu yako, kwa mikono, mashine haipo. Kila Jumamosi. Ukikataa, namwita dada yako aje anuse kichupa chako, na mama awepo, na wenzako wa ofisini niwapikie chai wasikilize."

Alipauka. Mwanamume yule hajui kwamba mama yake alijua tangu siku ya kwanza, na mimi sikuona sababu ya kumpunguzia hofu. Alitembea kutoka dirishani hadi kabatini, kabatini hadi dirishani.

"Nitavaa glavu," akasema.

"Hakuna glavu."

Aprili 29, Jumamosi

Kafua.

Nilimwekea beseni uani, juani. Mama nilimtolea kiti mlangoni, kakaa na Bibi Harusi mapajani, manyoya yamerudi karibu yote. Mume wangu kakunja suruali, kachuchumaa, kageuza uso pembeni kama kawaida yake. Alikung'uta. Alisugua. Manyoya yakamwingia mdomoni, akatema, nikafurahi kupita kipimo. Machozi yalimtoka kwa kichefuchefu, na mara mbili alinitazama kama mtoto anayetaka kuambiwa basi inatosha. Sikumwambia.

Kisha akafika kwenye kitambaa kizito. Akakiinua kwa vidole viwili.

"Hiki mbona hakina manyoya?"

Mkono wa mama ulisimama juu ya mgongo wa Bibi Harusi. Hakunitazama. Alitazama ukuta wa jirani, na shingo yake ilikuwa imekakamaa kama ya mtu anayengoja jina lake lisomwe.

"Nilishakisugua mimi," nikasema. "Ni cha Bibi Harusi. Hicho ndicho kichafu kuliko vyote, tia mikono yote miwili."

Akavuta pumzi, akaizuia, akatumbukiza mikono mpaka kwenye viwiko. Akakamua, akatia tena, akakamua. Mama alimwangalia muda mrefu, mwanawe kainamia beseni na povu limemfika kwenye nywele za mikono. Bega moja likamshuka, kisha la pili.

"Suuza vizuri, baba," akamwambia. "Usinibakizie povu."